Kiangazi juu ya Ziwa Kivu: maji yanageuka, lakini gazi ya chini haitoki. Sababu ni nini?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa tisa, upepo wa kiangazi unapiga Ziwa Kivu na kuchafua maji. Ku Goma, Minova, Kalehe, Idjwi mpaka Bukavu, swali moja inarudi: kama maji yanajigeuza, je, gazi iliyo chini haiwezi kupanda nayo? Jibu fupi ni hapana, upepo hauna nguvu hiyo. Jibu refu linaeleza namna ziwa linavyopumua, sambaza wanavyopata chakula, na mahali ambapo hatari ya kweli iko.

Gazi mbili katika maji moja

Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 2,400, na zaidi ya nusu iko upande wa Congo. Pahali penye kina kirefu zaidi, ni mita 485 kutoka juu mpaka chini.

Ndani ya maji ya chini kuna gazi mbili. Ya kwanza ni gazi kaboniki, ile wanafunzi wanaandika CO2. Ni gazi ileile mtu anatoa kwa pua akipumua, ileile inayofanya mapovu mu Fanta ao mu Primus. Ya pili ni metani, gazi inayowaka moto. Zote mbili zina kaboni ndani, kama vile makala, kuni, majani na mwili wa mtu.

Kama mtu angeweza kutoa gazi hizo zote ndani ya maji na kuziweka hewani, gazi kaboniki ingejaza karibu kilomita za ujazo 300, na metani karibu 60. Hakuna ziwa lingine linalojulikana lenye metani nyingi namna hii katika maji yake.

Habari hii si mpya. Mu miaka ya 1930, mtaalamu Mbelgiji Hubert Damas alionyesha kwamba maji ya chini ya Kivu yamejaa gazi. Mu miaka ya 1970, Mjerumani Klaus Tietze alipima kwa uangalifu kiasi chake, tabaka kwa tabaka. Tangu hapo watu wengi wamepima tena.

Gazi kaboniki, sehemu yake kubwa inatoka ndani ya ardhi. Kivu iko juu ya bonde la ufa, pembeni ya volkano za Virunga, na chini ya maji kuna chemchemi zinazoleta maji ya moto kidogo, yenye chumvi na gazi. Metani inatengenezwa na vijidudu vidogo sana vinavyoishi chini ambako hewa ya oksijeni haifiki. Vijidudu hivyo vinatumia mabaki ya mimea na samaki yanayoanguka chini, na vingine vinageuza gazi kaboniki yenyewe kuwa metani.

Juu ya nini gazi inakaa chini?

Chukua chupa ya Fanta iliyofungwa. Ndani kuna gazi nyingi, lakini hakuna povu, kwa sababu kifuniko kinashikilia nguvu ndani. Fungua, na mara moja mapovu yanapanda. Gazi ilikuwa mle tangu mwanzo. Kilichobadilika ni nguvu ya kuifinya.

Mu Ziwa Kivu, kifuniko ni maji yenyewe. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu. Kwenye mita 300, maji yanafinya mara 30. Kwa nguvu hiyo gazi inabaki imeyeyuka, haiwezi kuwa povu.

Lakini uzito wa maji peke yake hautoshi kueleza. Kama maji ya chini yangekuwa yanapanda juu kila mwaka, gazi ingekuwa inatoka kidogo kidogo na isingejikusanya. Hapa iko siri ya Kivu: maji ya chini hayapandi, kwa sababu ni mazito.

Jambo linaloshangaza ni kwamba maji ya chini ni ya moto kuliko ya juu. Juu ni nyuzi 23 mpaka 25, na chini kabisa ni karibu 26. Kawaida maji ya moto yanapanda, kila mama anayechemsha maji ku jiko anajua. Mu Kivu hayapandi, juu yamebeba chumvi nyingi ya ardhi na gazi kaboniki, na vitu hivyo viwili vinayafanya kuwa mazito kuliko maji ya juu.

Ndiyo maana ziwa limepangika kama vitambaa vilivyokunjwa kimoja juu ya kingine. Wataalamu wakiteremsha kipimo chao kwa kamba, wanakuta mamia ya tabaka nyembamba, nyingi hazifiki hata mita moja, kila moja na joto lake na chumvi yake. Kwenye mita 250 hivi kuna mpaka mkubwa, ambapo chumvi na gazi vinaongezeka kwa ghafula. Mpaka huo ndio kifuniko kikubwa cha chupa. Maji yaliyo chini yake yanachukua mamia ya miaka kabla ya kufika juu.

Kiangazi inafanya nini?

Wakati wa mvua, jua linapasha maji ya juu na upepo ni kidogo. Maji ya moto yanalala juu, na oksijeni haiendi mbali, karibu mita 30 tu.

Kiangazi kikifika, hewa inakauka na upepo wa kusini unapata nguvu. Hewa kavu inakausha maji ya juu, na kila maji yanapokauka yanapoteza joto, kama vile mtu aliyetoka kuoga akipigwa na upepo anavyosikia baridi. Maji ya juu yanakuwa baridi, yanakuwa mazito, yanashuka. Yale yaliyo chini yake yanapanda kuchukua nafasi. Upepo unasukuma, na mchezo unaendelea mpaka kwenye mita 60 ao 65.

Hapo unasimama. Chini ya hapo, maji yenye chumvi ni mazito kupita maji ya juu yaliyopoa. Ni kama kumwaga maji juu ya asali: unaweza kukoroga maji utakavyo, asali inabaki chini.

Kati ya mita 65 na mpaka mkubwa wa mita 250 kuna mita karibu 185 za maji ambayo upepo wa kiangazi hauyagusi. Kwa hiyo mtu anayeona mawimbi makali mbele ya Goma mu mwezi wa saba, ao maji yakibadilika rangi kuwa ya kijani, asifikiri gazi inapanda. Anachoona ni kazi ya mita 60 za kwanza.

Chakula cha sambaza kinatoka hapo

Mchanganyiko huo wa kiangazi una faida kubwa. Maji ya mita 50 na 60 yana chakula cha mimea, yaani mabaki yaliyooza, kama mbolea shambani. Yakipanda juu ambako jua linafika, mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho inazaliana kwa wingi. Mimea hiyo inachukua gazi kaboniki ndani ya maji na kuigeuza kuwa mwili wake, sawa vile mhindi unavyofanya shambani.

Wadudu wadogo wa maji wanakula mimea hiyo. Sambaza wanakula wadudu hao. Usiku, wavuvi wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, taa zinawaka, na kaboni ile iliyokuwa gazi inaingia mu nyavu, kisha ku soko, kisha mu sahani. Sambaza wenyewe si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959.

Mimea na wadudu wasioliwa wanakufa na kuanguka chini. Wakipita mita 65, hawarudi tena kwa urahisi. Vijidudu vya chini vinawaoza bila oksijeni, na sehemu ya kaboni yao inakuwa metani.

Metani hiyo inajaribu kupanda polepole sana. Lakini ikifika mpaka ambapo oksijeni inaanza, inakuta vijidudu vingine vinavyoila. Sehemu kubwa inaliwa hapo, inageuka gazi kaboniki, na kidogo sana inafika hewani. Mwisho wa kiangazi, wakati maji ya juu yamechanganyika kwa kina zaidi, vipimo vinaonyesha metani imeongezeka kidogo juu ya ziwa. Hata hivyo inabaki ndogo, hata ukilinganisha na maziwa mengine ya dunia yasiyo na sifa ya gazi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, akiwemo Alberto Borges, waliopima maji haya pamoja na wengine, walikuta jambo lingine. Mimea ya Kivu inavuta kaboni nyingi kuliko ile viumbe vya maji ya juu vinatoa kwa kupumua. Kwa hesabu hiyo, ziwa lingepaswa kuvuta gazi kaboniki kutoka hewani. Lakini linatoa kidogo. Sababu ni chemchemi za chini: kaboni ya ardhi inapanda polepole na kujaza tena ile mimea imechukua. Ziwa linapumua, lakini pumzi yake moja inatoka kwa volkano.

Huko Ulaya, bahari inafunguka mpaka chini

Kuona vizuri tofauti ya Kivu, inafaa kutazama bahari ambayo wataalamu hao hao wa Liège wanapima: Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi. Wakongomani wengi wanaoishi Ubelgiji wanaijua ufuko wake kule Ostende. Upande wake wa kusini si wa kina, sehemu kubwa haifiki mita 50. Ziwa Kivu ni karibu mara kumi.

Mu miezi ya baridi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, jua kule linaonekana saa chache, maji yanashuka mpaka nyuzi 5 hivi, na dhoruba zinakoroga bahari kutoka juu mpaka kwenye mchanga. Mimea midogo inakosa mwanga na karibu inasimama kufanya kazi. Lakini vijidudu vinavyooza mabaki havilali. Vinaendelea kutoa gazi kaboniki, na kwa sababu maji yote yamechanganyika, gazi hiyo inaweza kufika juu na kukutana na hewa. Kwa upande mwingine, maji baridi yanashika gazi zaidi kuliko maji ya moto, kama vile Fanta ya frigo inavyoshika mapovu yake kuliko ile iliyolala juani.

Kwa hiyo bahari ile haiwezi kuficha kaboni chini kwa miaka mingi. Ile mimea inaweka wakati wa majira ya jua, sehemu kubwa inarudi hewani. Upande wa kaskazini wa bahari hiyo, ambako kina kinazidi mita 100, maji yanagawanyika wakati wa joto, na sehemu ya kaboni inapita chini mpaka Bahari ya Atlantiki.

Bahari ya kusini kule ni kama sufuria isiyo na mfuniko: kila mwaka inatoa kilicho ndani. Kivu iko na mfuniko, na chini yake mambo yamejikusanya kwa mamia ya miaka.

Kabuno: pahali gazi iko karibu

Kuna pahali pamoja ambapo maelezo haya yanabadilika. Ni ghuba ya Kabuno, upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Sake na Minova. Mlango wake wa kuingia ziwa kubwa ni mwembamba na si wa kina, karibu mita 10 tu. Maji yake hayachanganyiki vizuri na yale ya ziwa kubwa. Kina chake ni zaidi ya mita 100.

Mu Kabuno, maji yenye gazi kaboniki nyingi yanaanza kwenye mita 11 ao 12 hivi. Kule ziwa kubwa, mtu anapaswa kushuka mita zaidi ya 250 kukuta mpaka mkubwa. Metani ya Kabuno si nyingi, lakini gazi kaboniki ni nyingi mpaka maji ya juu yenyewe yana asidi kuliko yale ya ziwa kubwa, na yanatoa gazi hewani zaidi.

Kwa sababu kifuniko cha Kabuno ni chembamba, wataalamu wengi wanaiona kama sehemu ya kwanza inayohitaji kupunguziwa gazi. Wazo ni kuteremsha bomba, kupandisha maji ya chini, kuacha gazi kaboniki itoke kidogo kidogo mbali na watu. Kazi kama hiyo inaomba mashine, fedha, na vipimo visivyokatika.

Nyos na Monoun: kile kilichotokea Cameroun

Hofu ya watu haikutoka hewani. Tarehe 15 mwezi wa nane 1984, Ziwa Monoun, kule Cameroun, lilitoa gazi kaboniki kwa ghafula na watu 37 wakafa. Miaka miwili nyuma yake, usiku wa tarehe 21 mwezi wa nane 1986, Ziwa Nyos lilifanya vilevile. Wingu la gazi lilishuka mabondeni, wakafa watu zaidi ya 1,700 pamoja na ng'ombe wengi. Wengi walikuwa ndani ya nyumba zao.

Gazi kaboniki haina sumu ya kuunguza. Inaua kwa sababu inachukua nafasi ya hewa na kuvuruga pumzi. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatembea chini chini kama maji na kujaza mabonde.

Nyos ni ndogo sana mbele ya Kivu, ina kilomita za mraba karibu 1.6 tu. Na pembeni ya Kivu wanaishi watu zaidi ya milioni 2. Hii ndiyo sababu dunia inaangalia ziwa hili.

Lakini kuna tofauti moja ya muhimu. Nyos ilikuwa imejaa gazi karibu na mwisho wake, kama chupa inayongojea kutikiswa. Kivu, pale ambapo gazi yake inafinya zaidi, kwenye mita 300 na kitu, imefika zaidi kidogo ya nusu ya kile maji yanaweza kushika. Metani ndiyo inaleta sehemu kubwa ya nguvu hiyo, hata kama ni chache kuliko gazi kaboniki, kwa sababu metani haipendi kuyeyuka mu maji.

Mu 2005, watafiti waliandika kwamba metani inaonekana kuongezeka haraka. Habari hiyo ilitia watu wasiwasi. Baadaye, mu 2018, timu za nchi mbalimbali zilipima pamoja kwa njia tofauti ili kulinganisha. Matokeo, yaliyotoka mu 2020, yanasema hakuna ongezeko linaloonekana tangu vipimo vya mu miaka ya 1970. Hiyo haimaanishi kazi ya kupima iishe. Inamaanisha ziwa halikimbilii mwisho kwa kasi iliyoogopwa.

Kinachoweza kuamsha ziwa

Upepo hauwezi. Mvua kubwa haiwezi. Kuporomoka kwa udongo ku mwambao kunaweza kuleta wimbi na kuua watu, lakini wataalamu hawaoni kama kunaweza kugeuza ziwa kubwa lote.

Kinachoogopwa zaidi ni moto wa ardhi kufunguka chini ya ziwa lenyewe, mahali pa kina. Joto nyingi ikiingia ghafula inaweza kupandisha maji ya chini mpaka pale gazi inaanza kuwa povu. Povu likianza, linavuta maji mengine, na hapo mambo yanaweza kuendelea yenyewe.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Watu wengi walifikiri mwisho umefika. Vipimo vilivyofanywa nyuma ya siku chache vilionyesha kwamba tabaka za chini hazikuguswa. Lava ilipoa kabla ya kufika huko.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilitapika tena. Lava ilisimama pembeni ya mji, lakini matetemeko yaliendelea na dalili zilionyesha moto wa ardhi umetembea chini ya Goma, mpaka chini ya ziwa. Tarehe 27, viongozi waliomba wakaaji wa kartiye 10 kati ya 18 kuhama. Watu walikimbilia Sake, Minova, Rutshuru, Gisenyi, na wengine kwa mashua mpaka Bukavu. Mu mwezi wa sita wakaanza kurudi. Uhamaji ule ulikuwa mgumu, familia zilipotezana na maji ya kunywa yalikosekana. Lakini sababu yake ilikuwa hii hasa: hofu ya lava kukutana na gazi.

Mazuku si ziwa kutoa gazi

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Mazuku, ao upepo mbaya, ni gazi kaboniki inayotoka moja kwa moja ndani ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya lava. Inajikusanya mu mashimo na mabonde, sana sana upande wa magharibi wa Goma: Himbi, Keshero, Lac Vert, Bulengo. Haitoki mu maji ya chini ya ziwa.

Kwa mkaaji wa kawaida, mazuku ndiyo inaua mara nyingi zaidi. Ku Nyos watu walikufa usiku mmoja. Mazuku inachukua mmoja leo, wawili mwezi ujao, na mara nyingi ni watoto, wageni na watu waliokimbia vita wasiojua pahali. Gazi ikifika sehemu 10 juu ya 100 za hewa, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache na kufa.

Usiku na asubuhi mapema, wakati hewa ni baridi na upepo umelala, ndiyo saa mbaya zaidi. Jua likipanda na upepo ukianza, gazi inatawanyika.

Kutoa metani: umeme na masharti

Kama metani ndiyo inaongeza nguvu chini ya ziwa, kuitoa kunaweza kupunguza hatari na kuleta umeme kwa wakati mmoja. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia metani ya ziwa tangu miaka ya 1960. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt ulianza kazi mwisho wa 2015, unatoa megawati 26. Nyuma yake ukaja ule wa Shema Power, upande wa Rubavu.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Bomba linashuka mpaka mita 350 hivi. Mara maji yakianzishwa, mapovu yanayafanya kuwa mepesi na yanapanda yenyewe bila pampu. Juu, gazi inatenganishwa na maji, kisha inaoshwa ili gazi kaboniki nyingi irudi mu maji na metani ibaki. Metani inapelekwa ku mtambo inaungua na kutoa umeme.

Ugumu uko ku maji yanayorudishwa. Yana chumvi na mbolea nyingi. Yakimwagwa karibu na juu, mimea midogo itazaliana kupita kiasi, itaoza, itamaliza oksijeni, na sambaza watakufa. Yakirudishwa pahali pabaya kwa kina, yanaweza kulegeza mpaka unaoshikilia gazi yote. Ndiyo maana mu 2009 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali liliandika masharti: kila kampuni irudishe maji kwa kina kinachofaa, na vipimo vifanywe wakati wote.

Kuna pia hesabu ya hewa. Metani ikitoka bila kuungua, inapasha dunia karibu mara 28 kuliko gazi kaboniki ya uzito uleule, kwa miaka 100. Ikiungua, inageuka gazi kaboniki. Kwa hiyo bomba linalovuja ni hasara mara mbili.

Ziwa ni moja, nchi ni mbili. Mkataba wa Zaire na Rwanda wa 1975 ulisema metani ni mali ya pamoja. Mu mwezi wa saba 2022, serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa bloki 27 za petroli pamoja na 3 za gazi ya Kivu. Kwa wakaaji wa Goma na Bukavu wanaopika na makala na kulala mu giza, swali ni lini umeme huo utafika. Swali lingine, ambalo linaulizwa mara chache, ni nani atasimamia kina cha maji yanayorudishwa na nani atasoma vipimo mbele ya watu.

Kile mkaaji anapaswa kushika

Kwanza, mawimbi ya kiangazi, rangi ya kijani, ao samaki wachache waliokufa ku mwambao si dalili peke yake kwamba ziwa litatoa gazi. Sauti za WhatsApp zinazosema hivyo bila jina la mtaalamu zisisambazwe.

Pili, habari ya volkano na ziwa inatoka ku OVG, kituo cha volkano cha Goma, na kwa viongozi wa ulinzi wa raia. Bendera za OVG zina rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Kila familia inafaa kujua rangi ya leo na njia ya kutokea.

Tatu, ku maeneo ya mazuku, usijenge wala kulala mu shimo ao bonde. Usiwatume watoto kuchota maji ao kuokota kuni mu mashimo asubuhi mapema. Ukiona panya, ndege ao mbuzi wamekufa bila kidonda pahali pa chini, rudi nyuma na upande juu.

Nne, ukiona mtu ameanguka mu mazuku, usiruke kumfuata. Wengi wamekufa wakijaribu kuokoa ndugu. Ita watu, tumia kamba ao mti mrefu kumvuta, ukae upande wa juu.

Tano, kama viongozi wanaomba watu wahame juu ya hatari ya gazi, njia nzuri ni kwenda pahali pa juu na mbali na mwambao. Gazi kaboniki inashuka, inafuata mabonde. Kilima kinaokoa kuliko barabara ya chini, hata kama barabara ni fupi.